Kisahani cha masafa ya kati kinachonyooka: nichague kipi kwa njia ya miembe, Tabora?

Mwalimu_Isevya, Tabora

Habari zenu wanajukwaa.

Naomba ushauri wa wale waliokwisha kucheza gofu ya visahani (mchezo wa kurusha kisahani hadi kikapuni kwa mitupo michache) kwa muda, hasa waliochezea huku kwetu magharibi, kwa sababu maelezo mengi ninayoyapata mtandaoni yameandikwa na watu wanaocheza mahali ambapo hali ya hewa, miti na hata upatikanaji wa visahani ni tofauti kabisa na hali yetu.

Tuna kikundi kidogo cha walimu na vijana tunaokutana jioni kwenye eneo la wazi lenye safu mbili za miembe ya zamani, ile mikubwa ambayo kila mgeni wa Tabora huisifu. Vikapu vya kiwandani hatuna. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea kimoja kwa ringi ya baiskeli na minyororo chakavu, na kwingineko tunalenga mashina ya miti yaliyofungwa kitambaa chekundu. Njia yetu kuu inapita katikati ya safu hizo mbili. Upana wake ni hatua kama 12, na kutoka tunaposimama hadi kwenye kikapu ni karibu mita 70. Ukipotoka kushoto unagonga shina. Ukipotoka kulia kisahani kinanasa kwenye matawi, na hapo inabidi kijana mwepesi apande kukitoa huku wenzake wakimpa maelekezo yasiyomsaidia.

Tunavyo visahani vitatu. Cha kwanza ni Aviar ya Innova, ambayo ni ya kumalizia karibu na kikapu. Cha pili ni Leopard ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni ya masafa marefu kiasi. Na cha tatu ni cha masafa marefu zaidi, maandishi yake yamefutika, na mkononi mwangu hukata kushoto kabla hakijafika nusu ya njia. Aviar inanyooka vizuri lakini haifiki. Leopard inafika, ila siwezi kusema kabla ya kuirusha kwamba leo itaelekea upande gani.

Shemeji yangu anasoma Ufini, ambako mchezo huu umeenea sana, na amekubali kutuletea kisahani kimoja cha masafa ya kati atakapokuja likizo. Ni kimoja tu, kwa kuwa mizigo yake imekwisha kujaa vitu vya ndugu wengine. Nimesoma majina ya Buzzz, Mako3, Roc3, Hex na Compass, na kwa kila jina kuna mtu anayeapa kwamba hicho ndicho kinachonyooka kuliko vyote. Mimi narusha kwa mkono wa kulia, mtupo wa kawaida wa kuuvuta mkono kupitia mbele ya kifua, na nikijitahidi nafikisha mita 60 hadi 65. Wenzangu wengi wako hapohapo au chini kidogo. Je, tuagize kipi, cha uzito gani, na cha plastiki ya aina gani? Sitafuti kisahani cha kwenda mbali zaidi ya wengine, nataka kinachokwenda ninakokielekeza.

Mzee_Katubuka, Kigoma

Mwalimu, nakusalimu. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja umbali unaorusha, jambo ambalo wengi husahau, na bila hilo hakuna anayeweza kukujibu kwa uaminifu.

Visahani vyote ulivyovitaja husifiwa kwa kunyooka, lakini havinyooki kwa namna moja. Kila kimoja kina namba nne ambazo kiwanda hukipa. Ya kwanza ni kasi kinayohitaji ili kiruke inavyopasa, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu inaonyesha kinavyopinda kulia kikiwa bado na kasi kubwa, na ya nne inaonyesha kinavyokata kushoto kasi inapokwisha. (Nazungumzia mkono wa kulia na mtupo wako huo, kwa anayetumia mkono wa kushoto pande hizo hubadilishana.) Buzzz ya Discraft ni 5, 4, -1, 1. Hex ya Axiom ni 5, 5, -1, 1. Mako3 ya Innova ni 5, 5, 0, 0. Compass ya Latitude 64 ni 5, 5, 0, 1. Roc3 ni 5, 4, 0, 3. Ukizitazama mbili za mwisho katika kila safu utaona kwamba Roc3 si ndugu wa hao wengine hata kidogo, ingawa wote wanawekwa rafu moja dukani.

Sasa sababu. Kisahani chako kinazunguka kwa mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu. Hewa inapokiinua, nguvu ya kuinua haikai katikati kabisa: kasi ikiwa kubwa na kisahani kikiwa bapa, huhamia nyuma kidogo, kasi ikipungua na kisahani kikaanza kushuka, huja mbele. Kitu kisichozunguka kingenyanyua pua (yaani ukingo wake wa mbele) au kuiinamisha, basi. Lakini kitu kinachozunguka, ukikisukuma mahali pamoja, huitikia robo ya mzunguko mbele ya pale uliposukuma, na kwa hiyo msukumo wa kunyanyua pua hugeuka kuwa mlalo wa kushoto, na msukumo wa kuinamisha pua hugeuka kuwa mlalo wa kulia. Hiyo ndiyo asili ya kupinda kulia mwanzoni na kukata kushoto mwishoni. Kisahani kinachonyooka ni kile ambacho umbo la ukingo wake limefanya kituo hicho cha nguvu kisihame sana, kwenye kasi yoyote utakayokirushia. Visahani vya masafa ya kati vina ukingo mwembamba, wa sentimita moja na kitu, na vinafanya kazi hiyo vizuri kuliko vile vya masafa marefu vyenye ukingo mpana uliochongoka.

Hapo ndipo mkono wako unapoingia. Namba ya tatu huonekana pale tu unapokifikishia kisahani kasi yake. Kwa mita 60 hadi 65 unakifikishia kisahani cha kasi 5 sehemu kubwa ya kasi hiyo, lakini si yote, kwa hiyo ile -1 utaiona nusu tu, pengine usiione kabisa, ilhali ile 1 ya mwisho utaiona kila siku. Kile cha tatu kilichofutika maandishi kinakata kushoto mapema kwa sababu hiyohiyo: kinadai kasi ambayo hakuna kati yenu anayeweza kuitoa.

Kisha kuna jambo ambalo waandishi wa kule pwani na Ulaya hawana sababu ya kulitaja. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenu ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya Dar es Salaam, na joto la Septemba na Oktoba huipunguza tena. Hewa nyepesi hukishika kisahani kidogo: hakielei kwa muda uleule, hakipindi kulia kama kilivyoandikwa, na huanza kukata kushoto mapema. Tofauti hiyo si ya kutisha, lakini inasukuma upande uleule ambao mkono wenye kasi ndogo unasukuma, na hivyo viwili vinajumlishana. Hata sisi huku ziwani, ambako uso wa maji uko kama mita 770, tunaiona kidogo tunapolinganisha na wenzetu wa pwani.

Kwa hiyo chukueni chenye -1 na 1, yaani Buzzz au Hex, na uzito usizidi gramu 174. Sheria za PDGA, chama cha wachezaji wa gofu ya visahani kilichoanzishwa mwaka 1976, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na kisahani cha sentimita 21.7 kinaweza kufika gramu 180. Wauzaji wengi wanapenda kuwauzia watu hizo 180 kana kwamba uzito ni ubora. Kwenye njia iliyokingwa na miti, mwepesi kidogo hupata kasi kwa urahisi zaidi na kuelea zaidi.

Mako3 nimeiacha kwa makusudi, ingawa kwa mkono uliotulia ndiyo inayonyooka kuliko zote ulizotaja. Hukaa katika mlalo uleule ulioiachia. Ukiiachia imelala kulia kidogo, itakwenda kulia hadi ardhini, haina kitu ndani yake cha kuirudisha. Buzzz ukiiachia imelala kulia kidogo, mwishoni itajirudi kiasi. Kwa kundi lenye mikono mingi na kisahani kimoja, mimi ningechagua kinachosamehe.

Binti_Gungu, Kigoma

Shikamoo Mzee Katubuka. Mwalimu, habari za huko.

Maelezo ya Mzee siyapingi, ila nafikiri ushauri wake umesahau kwamba kisahani hakibaki kama kilivyotoka kiwandani, na Mwalimu ametuambia mwenyewe kwamba chake kitagonga mashina ya miembe kila jioni.

Plastiki za kawaida, zile za bei nafuu ambazo Innova huziita DX na Discraft huziita Pro-D, hushikika vizuri mkononi lakini hukwaruzika na kubonyea ukingoni upesi. Ukingo unapobonyea, ule mstari unaozunguka sehemu ya nje kabisa ya kisahani hushuka, na kisahani huanza kupinda kulia zaidi na kukata kushoto kidogo. Nina kisahani kilichoanza kikiwa kimenyooka kabisa, na baada ya kuchezewa kwenye mawe ya mlima wa huku kwetu sasa hakina tena hata chembe ya kushoto. Nakitumia kwa mipindo ya kulia tu. Ukinunua cha -1 na 1 cha plastiki ya kawaida, utafurahi mwanzoni, halafu kitakuwa -2 na 0, kisha kitaendelea hivyohivyo mpaka mtakapokitupia macho tu.

Wachezaji wa zamani walilijua hilo na wakaligeuza kuwa faida. Roc ya Innova, iliyotoka mwaka 1987, ilipendwa sana kwa sababu mpya hukata kushoto kwa uhakika, na kadiri inavyozeeka hunyooka, hata mtu akawa na kadhaa za umri tofauti kwenye mfuko mmoja, kila moja na njia yake. Kwa mtu atakayepata kisahani kimoja na hajui kingine kitapatikana lini, naona kuna busara kuanza na chenye kushoto kidogo na kukiacha kijinyooshe chenyewe.

Halafu upepo. Sisi tunaochezea upande wa Gungu na Bangwe tunajua kwamba baada ya adhuhuri upepo hutoka ziwani na kupanda mlimani, na ukirusha kuelekea ziwani saa kumi jioni, kisahani chochote chenye -1 kinapinduka kulia na kwenda zake. Upepo wa mbele hukiongezea kisahani kasi ya hewa, kwa hiyo namba ya tatu huwa kubwa kuliko ilivyoandikwa. Upepo wa nyuma hufanya kinyume chake: huipunguza kasi hiyo, kisahani kikaanguka mapema na kukata kushoto. Ndiyo maana mfukoni mwangu kinachofanya kazi ya kunyooka saa za jioni ni Roc3, ambayo asubuhi isiyo na upepo hainyooki hata kidogo. Na nilichojifunza kwa uchungu mwingine, ingawa hauhusu Tabora: karibu visahani vyote vya masafa ya kati huzama, kwa hiyo usimruhusu mgeni arushe kuelekea majini kwa kisahani chako.

Mzee_Katubuka, Kigoma

Marahaba binti yangu. Kuhusu kuchakaa umesema kweli, na ningepaswa kulifikia hilo kwenye suala la plastiki aliloliuliza, nitalijibu hapa.

Lakini tazama njia ya Mwalimu. Ni hatua 12 kwa upana, kila upande ukuta wa miembe, na umbali ni mita 70. Huko upepo hukatwa na majani kabla haujafika kwenye kisahani, isipokuwa kirushwe juu ya miti, na hakuna sababu ya kukirusha huko. Roc3 yenye 3 ya kushoto, kwa mkono wa mita 60, kwenye hewa ya mita 1,200, itaanza kukata kushoto pengine kwenye mita 40, na kila mtupo utaishia kwenye safu ya kushoto. Ni kweli shina la mwembe litainyoosha hatimaye kwa kuigonga, lakini vijana wake watakuwa wamechoka na mchezo kabla ya siku hiyo kufika. Njia hiyo ya kusubiri kisahani kizeeke inamfaa mwenye visahani kumi na uwanja wenye nafasi.

Dawa ya kuchakaa kwa mwenye kisahani kimoja ni plastiki, si namba. Aagize plastiki ngumu ya daraja la juu. Kwa Discraft ni ile ya Z, inayopenyeza mwanga, au ESP; kwa Innova ni Champion au Star. Hizo hugonga mti na kubaki na ukingo wake kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kuteleza kidogo mkononi wakati wa masika mkono ukiwa na unyevu, na kwamba mara nyingi kisahani kilekile kikitengenezwa kwa plastiki ngumu hukata kushoto kidogo zaidi kuliko cha plastiki ya kawaida. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na -1, ili kitakapojumlishwa na ugumu wa plastiki na wepesi wa hewa mbaki karibu na mstari.

Fundi_Kanyenye, Tabora

Mwalimu, mimi ni jirani yako, na nimewahi kupita nikawaona mnarusha, ingawa sikusimama. Nina neno moja kabla hamjampa shemeji orodha.

Nilichokiona ni kwamba wengi wenu mnakiachia kisahani kikiwa kimenyanyua pua. Kinapanda, kinafika kimo cha matawi ya chini, kinasimama kidogo hewani kana kwamba kinafikiri, kisha kinateleza kushoto. Kisahani cha namna yoyote, kiwe Mako3 au kiwe kile kilichofutika maandishi, kitafanya hivyo kikiachiwa na pua juu, kwa sababu kinapunguza kasi mapema na hewa inakipiga kwa chini. Ukinunua kipya bila kurekebisha hilo, utaandika tena hapa kulalamika kwamba Buzzz inakata kushoto.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kisahani kipya. Mtu mmoja asimame pembeni ya anayerusha, kwenye usawa wa hatua tano mbele yake, atazame pale tu kisahani kinapotoka mkononi. Akiona sehemu ya chini ya kisahani, pua iko juu. Akiona sehemu ya juu au ukingo peke yake, pua iko sawa. Anayerusha mwenyewe hawezi kuliona hilo, kwa kuwa macho yake yako nyuma ya kisahani na yanakiona bapa hata kikiwa kimenyanyuka.

Marekebisho yako mawili. La kwanza, kidole gumba kikandamize karibu na ukingo, kisilale katikati ya kisahani, kwa sababu kikiwa katikati hakina nguvu ya kuishikilia pua chini. La pili, wakati wa kuvuta mkono, kiganja cha mkono wa kulia kigeuke kidogo kama mtu anayegeuza ufunguo kwa mwendo wa saa. Hilo huinamisha pua bila kuinamisha upande. Na mrushe kwa kimo cha kifua cha mtu mzima, kwa kuwa mnaporusha kimo cha matawi mnalazimika kunyanyua pua hata kama hamtaki.

Pia angalieni kutikisika. Kisahani kikitoka mkononi kinatetemeka, kinapoteza kasi na hupinda kulia ovyo mwanzoni. Leopard ina -2 kwenye namba ya tatu, na kwa hiyo inaadhibu mtetemeko kuliko Aviar yenye 0. Nadhani ndiyo sababu inawapeleka kulia siku moja na kushoto siku nyingine: siku ya mtetemeko ni kulia, siku ya pua juu ni kushoto.

Mimi mwenyewe ningemfundisha kila kijana kwa Aviar kwanza, kwa mtupo wa nusu nguvu, hadi ifike mita 45 bila kupanda juu ya kichwa cha mtu. Lakini najua vijana hawapendi kusikia hayo.

Mwalimu_Isevya, Tabora

Nawashukuru sana, Mzee Katubuka, dada Binti_Gungu na jirani yangu Fundi, ambaye nitamlaumu kwa kupita bila kutusalimu.

Tumefanya jaribio la Fundi jana jioni, na nimeona aibu kidogo kwa niaba ya kikundi kizima, kwa kuwa msimamaji wetu alikuwa akiita "chini naiona" karibu kila mtupo. Tulipohamisha kidole gumba kuelekea ukingoni, Leopard ilianza kwenda chini ya matawi na kukaa katikati ya njia kwa sehemu kubwa ya safari, kisha ikakata kushoto mwishoni, mita chache tu kabla ya kikapu. Kile kilichofutika maandishi hakikubadilika. Nadhani Mzee amekwisha kueleza kwa nini.

Nina swali dogo lililobaki. Shemeji ameniandikia kwamba dukani wamemwonyesha Hex, na kwamba ukingo wake una plastiki ya rangi nyingine iliyozungushwa kwa nje. Je, hilo ni pambo, au lina kazi? Na kama Buzzz na Hex zote zipo, achukue ipi?

Binti_Gungu, Kigoma

Si pambo. Axiom na kampuni dada yake MVP hutengeneza kisahani kwa plastiki mbili, ya ndani nyepesi na ya nje nzito, ili uzito mwingi ukae pembezoni. Kitu chenye uzito pembezoni hushikilia mzunguko wake kwa muda mrefu zaidi, na kisahani kinachozunguka vizuri hadi mwisho huchelewa kuanza kukata. Tofauti ipo, lakini kwa mita 60 si kubwa kiasi cha kumfanya mtu aache Buzzz.

Mimi ningechagua kwa mkono. Hex ina namba 5 kwenye kuelea dhidi ya 4 ya Buzzz, na kwa hewa yenu nyepesi huko juu hiyo moja ya ziada itasaidia. Upande wa pili, kinachoelea zaidi kinahitaji kuachiwa chini zaidi, la sivyo kinaingia matawini. Amwombe muuzaji amruhusu kushika vyote viwili. Chenye ukingo unaokaa vizuri kwenye vidole vya mtu mwenye kiganja cha wastani ndicho cha kununua, kwa kuwa kitashikwa na watu wengi. Roc3 naiondoa mezani kwa heshima ya Mzee, ila mkija kucheza Kigoma nitawaazima yangu muone inavyofanya kazi jioni.

Mzee_Katubuka, Kigoma

Nakubaliana na binti hapo juu. Naongeza tu kwamba shemeji akigeuze kisahani na kusoma uzito, ambao huandikwa upande wa chini kwa kibandiko au kwa wino, asimwamini muuzaji kwa kukadiria. Na akiweke bapa juu ya meza ya kioo ya dukani. Kisahani kilichokaa vibaya kwenye rafu au kilichopoa vibaya kiwandani huwa na tumbo upande mmoja, na hicho hakitanyooka mikononi mwa mtu yeyote.

Mwalimu_Isevya, Tabora

Nimemwandikia hivi: Buzzz ya plastiki ya Z, gramu 170 hadi 174, na kama hakuna uzito huo basi Hex ya uzito huohuo, kila kimoja kikaguliwe juu ya meza kwanza. Nimemwomba pia achague rangi inayoonekana, nikapendekeza ya chungwa.

Fundi_Kanyenye, Tabora

Mwalimu, mwandikie tena kabla hajalipa. Wakati wa kiangazi chini ya miembe yenu kunajaa majani makavu ya kahawia na yenye wekundu, na kisahani cha rangi ya chungwa kikiangukia humo mnaweza kukikanyaga bila kukiona. Kile cha plastiki ya Z kisicho na rangi ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa kinapenyeza mwanga na kuchukua rangi ya kilicho chini yake. Achukue cha waridi kali au cha bluu ya mpauko. Hizo hazifanani na kitu chochote kinachoanguka kutoka kwenye mwembe.